Je, aspirini ya babu inamfaa mtoto mwenye tetekuwanga?

Mama Nasra:
Shikamooni wakubwa. Mwanangu wa miaka 7 ametokwa na tetekuwanga tangu juzi, na usiku homa humpanda. Baba mkwe hunywa aspirini ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo, na mama mkwe ananishauri nimpe mtoto kidonge kimoja kwa kuwa ni kidogo na zamani kiliitwa aspirini ya watoto. Je, kina madhara?

Mfamasia Mstaafu:
Marahaba, binti yangu. Usimpe. Jina hilo ni masalia ya enzi ambapo dozi hiyo ilitumika kushushia homa za watoto. Leo wanaoinywa ni watu wazima, hasa waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Mwaka 1963 daktari Douglas Reye wa Australia alieleza ugonjwa unaovamia ghafla ubongo na ini la mtoto, na miaka ya baadaye ikaonekana kwamba wengi waliougua walikuwa wamepewa aspirini wakiwa na mafua makali au tetekuwanga. Ugonjwa huo ni adimu, lakini huua. Kwa sababu hiyo Uingereza iliizuia kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 1986, kisha mwaka 2002 ikapandisha umri hadi 16, isipokuwa daktari aiagize. Mpe parasetamoli kulingana na uzito wake. Akitapika mfululizo, akilala usingizi usio wa kawaida au akiweweseka, mkimbize hospitali.

Mkazi wa Ilala:
Hata sisi watu wazima haituachi salama. Mwaka 2019, dengi ilipotanda Dar es Salaam, nilidhani nina malaria, nikameza aspirini mbili. Asubuhi nilipopiga mswaki povu lilitoka jekundu. Daktari alinieleza kwamba dengi hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na aspirini huzilemaza zilizosalia.

Mfamasia Mstaafu:
Ni kweli, na chembe iliyolemazwa hairudii kazi yake hadi mwili utengeneze mpya. Hata hivyo, baba mkwe asiache dawa yake bila kumwona daktari. Aangalie tu maumivu ya tumbo na choo cheusi kama lami.

Mama Nasra:
Nashukuru sana. Nimesoma pia pakiti ya vidonge vya kichwa tulivyo navyo kabatini, na kwa maandishi madogo imetaja aspirini. Nimeipandisha juu, pamoja na dawa za babu.