Kimgahawa cha Wajamaika mtaani: niagize nini?

Habari wakuu. Nimehamia Brooklyn, New York, karibu na Flatbush Avenue. Hapa chini kuna kimgahawa cha Wajamaika, unafungiwa chakula unaondoka. Foleni haiishi. Nianze na nini?

— Mkuu, mkia wa ng'ombe! Nyama inaachia mfupa yenyewe, rojo zito jeusi, maharage meupe ndani. Omba wakumwagie rojo juu ya wali. Wali wenyewe wa maharage na tui la nazi. Siku ya kwanza nilimkumbuka mama, nikala nimenyamaza. Wahi, saa nane mkia umeisha.

— Kuku wa jerk pia, yaani kuku wa kuchoma aliyepakwa viungo vikali vya Kijamaika. Ila pilipili yake ni ukoo mmoja na pilipili mbuzi, jiandae.

— Asanteni. Nimekula mkia leo, nimelamba mpaka kifuniko. Kesho kuku.