Mada: Je, mwanafunzi wa Jiografia wa kidato cha sita amalize shule bila kwenda uwandani?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, napendekeza kila mwanafunzi wa Jiografia wa kidato cha tano na cha sita apime ardhi kwa mikono yake mwenyewe, na kazi hiyo ipewe alama katika matokeo ya mwisho. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang mwezi Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vijana wetu walikuwa wamekwisha kukariri sababu za maporomoko ya ardhi, ilhali wengi wao hawajawahi kusimama kwenye mteremko wakauchunguza udongo wake. Hali ni mbaya zaidi kwa wanafunzi wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kwani wengi wao walikwenda huko kwa kuikimbia Hisabati.

Mhitimu wa HGL
Umeanza vizuri, ukamalizia kwa kutudhalilisha. Ramani ya 1:50,000 tuliyopewa ndiyo hiyohiyo waliyopewa wenzetu wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Tulipima sentimita 6 kati ya vituo viwili tukapata kilomita 3, tukahesabu kontua, yaani mistari ya kimo, tukaona tofauti ya kimo ni mita 300, tukaandika mteremko wa 1 kwa 10. Ningeomba ufute kauli hiyo kwanza, ndipo tuendelee.

Mpima ardhi
Ndugu Mhitimu, hasira yako naielewa, lakini hesabu hiyo hata mtoto wa kidato cha pili anaiweza. Katika utaratibu tuliosomea sisi, CBG na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) walisoma BAM, yaani Hisabati ya msingi ya matumizi, HGL hawakuisoma, na tofauti hiyo naiona kazini. Wapo vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo kwa vitendo ambao wanaweza kujaza kurasa nne kuhusu faida na hasara za upimaji wa cheni, lakini ukimkabidhi mmoja dira, akasoma nyuzi 60 kuelekea mbele, hajui kwamba akigeuka kuangalia alikotoka ni lazima apate nyuzi 240, na kwamba asipozipata kuna chuma karibu kinachovuta sindano au amekosea kusoma.

Mwalimu wa Jiografia
Hilo la kukariri limeniuma, kwa sababu linatupwa kwetu walimu kana kwamba tunalipenda. Shule ninayofundisha ina dira moja, nayo sindano yake imekwama. Nyuzi 240 nazifundisha ubaoni, na kijana anazijibu sawasawa kwenye mtihani. Asichokuwa nacho ni kitu cha kushika. Mkitaka kazi ya uwandani ipewe alama, tuambieni kwanza vifaa vitatoka wapi, maana bila hivyo alama zitakwenda kwa shule zenye uwezo, na mtoto wa shule ya kata atashindwa kabla hajaanza.

Mzazi
Naomba tusiishie kwenye michango ya wazazi. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na kila jambo jipya linalopendekezwa kwa nia njema hugeuka kuwa karatasi anayorudi nayo mtoto ikidai fedha. Kwani ni lazima wasafiri? Korongo linalokula uwanja wa shule halihitaji basi.

Mhitimu wa HGL
Mzazi amesema la maana, na korongo hilo mtu wa HGL atalipima kama mwingine yeyote. Mpima ardhi, hoja yako ikiwa ni BAM, basi sema wazi kwamba HGL iongezewe BAM, nami nitakuunga mkono kwa moyo wote. Ila Mwanzisha mada bado hajafuta kauli yake.