Tupeane uzoefu: mliofanya kazi kampuni za vifurushi, moyo wa kazi ulianza kufa lini?

Habari zenu wakuu. Nimekaa miaka sita kwenye kampuni moja ya kusafirisha vifurushi hapa Dar, jina naliacha, nimetoka mwezi wa tatu na mpaka leo nikipita Shekilango alfajiri nikaona vijana wanapakia mizigo naumia, maana ile kazi niliipenda. Naanza mimi halafu na nyie mwageni ya kwenu.

Niliingia kama kibarua wa stoo, kazi kuandika mizigo kwa makapeni na kuipanga kimkoa, Mwanza huku, Mbeya kule, Songea karibu na mlango kwa sababu gari lake linatangulia. Meneja wa kwanza alikuwa mmama wa makamo tulikuwa tunamwita Mama basi. Alikuwa anafika gari la kwanza halijapakia, anabeba boksi analitikisa sikioni, akisikia chupa zinagongana anakuita, "Baba njoo, hii nani kafunga? Haya tufungue tufunge upya." Hapo hana makelele na wewe. Kuna siku ndoo ya asali kutoka Tabora ilipasukia njiani ikaloanisha maboksi ya watu kama thelathini hivi, Mama alikaa na sisi mpaka saa nne usiku tunafuta moja moja na maji ya moto, na simu za wateja alipiga yeye, hakumwachia dada wa kaunta atukanwe.

Mama akastaafu, akaletwa bosi mwingine. Miezi kumi na nne niliyofanya naye hakuwahi kukanyaga stoo, anatuangalia kwenye kamera kupitia simu yake, ukikaa chini dakika mbili ushaandikwa kwenye group la wasap na madereva wa mikoani wote wanasoma. Mzani ukaharibika, tukaripoti, tukaripoti tena, tukawa tunakadiria kilo kwa mkono, mteja akilalamika ile tofauti tunalipa sisi. Halafu likaja lile lililotumaliza, kwamba mzigo ukipotea inakatwa zamu nzima, mnagawana. Kuna simu moja ilipotea kati ya Dar na Dodoma, mimi siku hiyo nilikuwa off nimempeleka mtoto kliniki Mwananyamala, mwisho wa mwezi naangalia mshahara 340,000 imeingia 212,000. Nikauliza, nikaambiwa jina lako lipo kwenye zamu.

Sasa nataka mnielewe hapa, maana mabosi wengi hawalioni. Zamani mtu akikuta boksi limefunguka analipiga selotepu mwenyewe na kuendelea na kazi. Ilipokuja ile kukatana hakuna aliyeligusa tena, ukiligusa umeonekana kwenye kamera, kikikosekana kitu ni wewe. Kwa hiyo boksi linapita mikono minne, mitano, liko wazi, kila mtu analiona na kila mtu anageukia pembeni. Mizigo ikaanza kupotea kwelikweli. Kuna kijana alikuwa anakwambia mzigo wa Njombe upo gari gani bila kushika karatasi, yule mtoto alikuwa na akili ya ajabu, mwisho ukimuuliza anajibu "sijui, angalia kwenye mfumo".

Haya karibuni.

Dereva wa Nyanda za Juu

Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa naendesha Dar Tunduma, zaidi ya kilomita 900, zamani tulikuwa wawili tunapokezana. Wakaja wakasema mmoja anatosha, mwenzangu wakampeleka kwenye fuso za mjini na ile posho yake haikuja kwangu, ikapotea hivyohivyo. Wanakupangia muda wa kufika kama vile barabara ni meza, hawahesabu mizani, hawahesabu kile kipande cha hifadhi ya Mikumi ambacho lazima uende mdogomdogo na ukigonga mnyama faini juu, hawahesabu mlima Kitonga lori likilala katikati mnakaa mpaka kunakucha. Kuna usiku nimefika juu ya Kitonga nikaegesha nilale nusu saa tu, macho yalikuwa yanaona barabara mbili. Simu ikaita, mtu wa ofisini ananiambia gari limesimama linaonekana, washa uondoke. Nikamwambia kaka nasinzia. Akasema mzigo wa watu hausinzii. Niliwasha nikaondoka, na mpaka kesho najilaumu kwa kuwasha. Nilipofika Tunduma nikakabidhi funguo, nikapanda basi la abiria kurudi kwa watoto wangu.

Mama K

Mimi nilikuwa huyo dada wa kaunta. Kutukanwa unazoea. Ambacho sikuzoea ni kuambiwa nimdanganye mteja mzigo uko njiani wakati nauona kwa macho yangu upo nyuma ya stoo wiki ya pili. Kulikuwa na bibi anasubiri dawa zake za presha kutoka kwa mwanae, anakuja kila siku asubuhi amejifunga kanga yake safi, ananisalimia vizuri kabisa, nami namwambia kesho bibi. Nikaja kumwambia ukweli na kumtolea mzigo wake mwenyewe kwa mkono wangu, nikaandikiwa barua ya onyo kwa kuvuruga utaratibu. Barua ninayo mpaka leo.

Msee wa Industrial Area

Niko Nairobi, huku ni hivyo hivyo tu. Nilikuwa rider wa kampuni ya kupeleka mizigo, walitupatia nduthi, yaani pikipiki, kwa mkopo, unakatwa kila wiki, mafuta yako, servisi yako, hata jaketi ya kampuni nilinunua. Tulianza tukilipwa vizuri kwa kila mzigo, halafu bei ya mafuta ikapanda na malipo yao yakashuka kwa wakati mmoja, hakuna mtu alituita kutuambia, ulikuwa unaona tu pesa ya M-Pesa imekuja kidogo. Mwenzetu akaanguka Mombasa Road mvua ikinyesha, akavunjika mguu. Tulichanga sisi riders. Ofisi ilipiga simu, ndio, lakini walikuwa wanauliza mzigo uko wapi. Hapo ndipo mimi nilikufa moyo, ulizia tu mguu kwanza jamani, hata kama hutalipa. Wengi wetu tuliondoka ndani ya huo mwezi.

Mbongo wa Midlands

Wakuu mimi nipo Uingereza, nilifanya udereva wa van za vifurushi miaka miwili, mkataba unasema umejiajiri, kwa hiyo ukiumwa hulipwi, na van unakodi kwao haohao. Sitaki kurefusha yangu, ila hili la kukatwa kwa kitu ambacho mfumo umesema kimepotea naomba watu wajue lilifika wapi huku. Shirika la Posta la hapa lilikuwa na programu ya kompyuta inaitwa Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ikawa inaonyesha upungufu wa hela ambao haupo. Wasimamizi wa vituo vidogo vya posta zaidi ya 900 wakatiwa hatiani, wizi, kughushi hesabu, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba kulipa hela ambayo hawakuichukua. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka Bunge lilipotunga sheria 2024 ya kuwafutia hatia. Na wengi wao walipokuwa wanapiga simu kulalamika, mtu alikuwa anaambiwa ni yeye peke yake mwenye tatizo. Nikisoma habari ya mtoa mada kuhusu zamu nzima kukatwa nawakumbuka wale wazee.

Kondoo wa Buguruni

Mtoa mada pole sana, ila nasikitika hukwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Mimi nilikwenda. Yangu yalikuwa haya haya, walinikata 180,000 kwa mzigo wa spea uliopotelea Morogoro. Kuna jamaa yangu akanionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Hasara ili ukatwe ni lazima iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe, mwajiri akuandikie sababu, kiasi na hesabu alivyoipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Zamu nzima kugawana? Hakuna kitu kama hicho, kosa ni la mtu. Nilijaza ile fomu namba 1, ukiwa hujafukuzwa una siku 60 tangu jambo litokee, ukifukuzwa ni siku 30 tu, watu wengi hapo ndipo wanapokwama, anakaa anasubiri bosi apoe siku zinaisha. Siku ya usuluhishi kampuni ilimleta mtu wa HR, akaulizwa barua ya kumweleza makato iko wapi, hana. Akaulizwa ulithibitishaje ni yeye, akasema ni utaratibu wa kampuni. Nilirudishiwa zote. Kazini nilirudi wiki mbili tu, hakuna aliyekuwa ananisemesha isipokuwa vibarua wa stoo, walikuwa wanakuja mmoja mmoja chooni kuniuliza fomu inapatikana wapi.

Mtoa mada

Asante sana mkuu wa Buguruni, nimeisoma yako mara tatu. Mimi siku zangu zimeshapita ila wapo wanne niliowaacha pale, makato yao ya mwisho ni ya mwezi uliopita kwa hiyo bado wamo ndani ya siku 60. Nimeshawapigia, wawili wamekubali, mmoja anaogopa ana mke mjamzito na simlaumu, wa nne ndo yule kijana wa mzigo wa Njombe, ameniambia anazo picha za makaratasi yote ya zamu kwenye simu yake tangu mwaka jana, kumbe alikuwa anapiga kila siku kabla ya kutoka. Jumatatu saa mbili tunakutana naye Ubungo. Na dereva, ulifanya vizuri kukabidhi funguo. Wengine endeleeni, nasoma zote.