Majarida 70 ya White Dwarf kwa pauni 150: nichukue yote, nichague, au niachane nayo?

Kipanga_wa_Leicester:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa haraka, mwenye mali kanipa mpaka Jumamosi.

Mimi mtu wa Tanga, nipo Leicester mwaka wa tisa sasa. Tuna meza yetu ya D&D (Dungeons & Dragons) kila Jumamosi usiku, watu watano, na mchezeshaji ni mimi. Kwa asiyeujua mchezo huu: mchezeshaji anasimulia, kila mmoja anaigiza mhusika wake, na jambo lenye mashaka linaamuliwa na dadu ya pande 20. Raha ni ya wote ila mzigo ni wa mchezeshaji, kwa sababu kisa lazima akiandae yeye. Sasa mimi natoka ghalani saa kumi na mbili asubuhi, nalala, nikiamka sina kisa. Wiki iliyopita nilirudia pango la mwezi wa tatu, nikatoa majoka nikaweka mizimu. Binamu yangu hata mlangoni hatujafika: "Kaka, hapa si tulishakuja?"

Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, anahamia nyumba ndogo na anauza maboksi mawili ya White Dwarf, jarida la Uingereza la michezo ya aina hii. Kama 70 hivi, kuanzia toleo la 25 mpaka la 130. Kaniazima mawili niyaonje. La kwanza namba 44, Agosti 1983. Nililisoma nimesimama jikoni mpaka chai ikapoa: kuna sehemu ya mji mzima uitwao Irilian, majengo yana namba, unaambiwa nani anakaa wapi, unaweza kuwaingiza wachezaji usiku huohuo. La pili namba 130, Oktoba 1990. Karatasi nzuri, rangi tupu, picha za vinyago vya askari vilivyopakwa rangi, kanuni za vita, kurasa za kuagizia vinyago. Nimelipekua mara mbili natafuta kisa cha kuchezesha, sijaona.

Jina moja, majarida mawili tofauti. Imekuwaje? Na hiyo 150 ni halali kwa mtu anayetaka visa tu?

Naomba kuwasilisha.

Ngoja_Waje:

Nipo siti ya mbele. Ngoja waje wataalamu.

Mzee_Kobe:

Mwanangu Kipanga, ulichoshika ni majarida mawili yaliyovaa jina moja. Mimi nililinunua London nikiwa mwanafunzi, nikakatisha kununua mwaka 1988, kwa hiyo nisikilize ila ujue nina uchungu wangu.

Ian Livingstone na Steve Jackson (wa Uingereza huyu, maana yupo mwingine Marekani) walianza mwaka 1975 na kijigazeti kilichoitwa Owl and Weasel. Waliagiza nakala sita za D&D kutoka Marekani. Sita tu! Na kwa hizo sita wakapewa haki ya kuuza mchezo huo Ulaya. Juni 1977 wakatoa White Dwarf, kila baada ya miezi miwili, Livingstone akiwa mhariri. Sasa angalia biashara yao: kampuni yao, Games Workshop, wakati ule ilikuwa inauza michezo ya watu. Kwa hiyo jarida lake likaandika habari za michezo ya watu: D&D, RuneQuest, Traveller, baadaye Call of Cthulhu. Msomaji wa Traveller alikuwa na safu yake, wa RuneQuest yake. Kulikuwa na uhakiki wa michezo mipya, na tangu 1983 Dave Langford alikuwa anahakiki vitabu kwa ulimi mkali ambao mimi niliufungua kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kampuni ikapata vya kwake. Warhammer, mchezo wa vita vya vinyago, ilitoka 1983, Warhammer 40,000 ikatoka 1987, na katikati hapo jarida likahama London likaenda Nottingham. Mwenye duka lenye bidhaa zake mwenyewe atatumia ukurasa wake kumsifia jirani kwa lipi? Toleo la 100 lilitoka Aprili 1988. Ukivuka hapo kidogo, visa vya michezo ya wengine vinakatika kama maji ya bomba. Hilo la 130 ulilonalo linafanya vizuri kabisa kazi iliyokusudiwa: kuuza vinyago. Ila wewe hutafuti vinyago.

Ushauri wangu: nunua yaliyo chini ya 90, mengine mwachie. Na hata hayo usiyaabudu. Matoleo ya mwanzo yana herufi ndogo kama mayai ya chawa, makala zilizojaa hesabu za kupima ukali wa dude moja, na aina za wahusika walizobuni wasomaji ambazo ukiziruhusu mezani kwako mtu mmoja ataua jeshi zima kabla ya chai. Raha yangu mimi ni kati ya 30 na 80.

Kingine: Irilian ni mfululizo, unaanza 42 unaishia 47. Hakikisha yote sita yamo. Mji nusu ni maudhi.

Msee_wa_Ngara:

Mzee Kobe heshima zako, lakini hapo kwa vinyago umetuonea. Mimi nilipata matoleo kadhaa ya miaka ya tisini hapa Nairobi kwa wauza vitabu wa barabarani, nikiwa darasa la saba. D&D sikuwa nimewahi hata kuisikia. Kupaka rangi nilijifunza kwa zile kurasa: anza na rangi nyeusi, kisha mswaki mkavu juu ya kingo, mwanga unatokea. Vinyago sikuwa navyo, nilipaka vya udongo nilivyofinyanga mwenyewe. Leo nalipwa kwa kupaka rangi. Mtu akiniambia jarida lile lilikuwa takataka namuuliza, takataka kwa nani?

Mzee_Kobe:

Sikusema takataka, mwanangu. Ila hiyo ya udongo imenigusa, nakiri.

Bi_Shamim:

Kipanga, kabla hujatoa hata pauni moja, fungua kila jarida, kila ukurasa. Mimi nimeuza na kununua haya kwa miaka kadhaa hapa Toronto na nitakwambia yanakofia. Moja, unyevu: nusa. Boksi lililokaa gereji linanuka hata ukilianika siku tatu, na kurasa zinanatana palipo na picha. Mbili, pini za katikati zikishika kutu, kurasa za kati zinachomoka, na ramani mara nyingi ziko katikati. Tatu, na hili ndilo linaloumiza: makasi. Watoto wa enzi zile walikata tangazo au fomu ya kuagizia wakaituma, na nyuma ya tangazo kulikuwa na maandishi. Unasoma kisa, mara dirisha.

Halafu niseme lingine ambalo Mzee Kobe hatalipenda. Kama shida yako ni visa, kwa nini White Dwarf? Katika toleo moja unapata kisa kimoja, labda viwili vifupi, na siku nyingine ni cha mchezo usioucheza. Liko jarida lilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe, linaitwa Dungeon. Lilianza 1986, likachapishwa mpaka toleo la 150 mwaka 2007, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, visa. Toleo moja visa vitatu, vinne, vya urefu tofauti. Miaka ya mwisho, likiwa chini ya kampuni ya Paizo, wakaanza mifululizo mirefu inayomtoa mhusika chini kabisa mpaka kileleni: Shackled City, Age of Worms, Savage Tide. Age of Worms peke yake ni matoleo kumi na mawili. Mimi nilichezesha ule mwaka mmoja na nusu. Binamu yako hatasema "tulishakuja".

Dada yake, Dragon, huyo ni mkubwa zaidi, 1976, lakini ni wa makala na kanuni, siyo wa visa. Mwaka 1999 walitoa matoleo 250 ya kwanza ya Dragon kwenye CD. Ninayo, na nikiri kwamba sijasoma hata robo.

Pande20:

Dungeon zile za mwisho zinauzwa bei ya figo dada Shamim, tusidanganyane. Zile 70 za jirani ni kama pauni mbili na kidogo kila moja. Achukue tu.

Mwana_wa_Kivu:

Salamu kutoka Liège. Siye tuliosoma kwa Kifaransa tulikuwa na Casus Belli, lilianza 1980 kule Paris. Kaka yangu mkubwa alilileta Goma katika sanduku, pamoja na viatu. Nalisema kwa sababu moja: siye hatukulipima kwa uzuri wa karatasi. Kaka alikuwa anauliza kitu kimoja akimaliza kusoma, "Leo jioni tunacheza nini humu?" Kama hakuna jibu, jarida lile linaenda kufungia maandazi.

Kipanga_wa_Leicester:

Asanteni sana wote. Mwana wa Kivu, kipimo cha kaka yako nakichukua kama kilivyo.

Swali la kiufundi. Visa hivi ni vya kanuni za zamani na sisi tunacheza za sasa. Nimeona dude limeandikwa kinga 4 (namba ya ugumu wa kulipiga), nikacheka, kwetu kinga 4 hata kuku anayo zaidi. Nafanyaje?

Mzee_Kobe:

Zamani namba ya kinga ilipungua kadiri vazi la vita linavyokuwa zito, yaani mtu asiye na kitu ni 10 na mwenye deraya kamili yuko chini huko. Toa namba hiyo kwenye 20. Kinga 4 inakuwa 16, kinga 7 inakuwa 13. Uhai wa dude uongeze, maana madude ya leo yanabeba uhai mwingi kuliko ya wakati ule. Hazina ipunguze, walikuwa wanagawa dhahabu kama njugu. Mengine amua palepale mezani, hakuna polisi.

Laezel_Mke_Wangu:

Samahani naingilia. Ni kweli wale viumbe githyanki walitokea kwenye jarida hili? Mimi nimewajua kwa mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 tu, Lae'zel ni mmoja wao.

Mzee_Kobe:

Kweli kabisa. Kulikuwa na safu ya Fiend Factory, wasomaji wanatuma madude yao waliyoyabuni. Charles Stross, ambaye sasa ni mwandishi mkubwa wa riwaya, aliwatuma githyanki akiwa kijana wa shule, wakachapwa 1979. Madude mengi ya safu ile yalikusanywa mwaka 1981 yakawa kitabu cha Fiend Folio, na githyanki ndiye aliyekaa kwenye jalada. Zaidi ya miaka arobaini baadaye wewe unamwita mmoja wao mkeo. Ndiyo maana nasema jarida la wasomaji wenyewe halina mfano. Mengi yaliyotumwa yalikuwa upuuzi, lakini mlango ulikuwa wazi.

Laezel_Mke_Wangu:

Dah. Mke wangu ni wa 1979 basi.

Kipanga_wa_Leicester:

Mrejesho wakuu.

Nilikwenda Ijumaa na tochi kama nilivyoelekezwa na Bi Shamim. Mzee alishangaa, akaniuliza kama mimi ni polisi. Nikafungua yote mezani kwake, saa nzima na robo. Boksi la juu safi. La chini lina unyevu, matoleo manane yameshikana kama mikate ya kumimina iliyorundikwa ikiwa bado ya moto. Nikamwambia ukweli kwamba nataka ya chini ya 90 yasiyo na unyevu. Yalipatikana 38. Akasema pauni 80, mimi nikasema 70, mkewe akatoka na biskuti akasema 75 na tuache kelele. Tukamaliza hapo. Yale ya vinyago kasema atampa mjukuu wake, na nadhani mjukuu ndiye aliyepata.

Irilian yote sita yamo. Jumamosi tuliingia mjini. Sikubadilisha kitu zaidi ya kinga na kuongeza adhana, maana binamu alisema mji wenye kuta na vichochoro hivi bila adhana haumuingii akilini. Soko wameshalibatiza Ngamiani, kama kwetu Tanga. Walitumia saa nne wakibishana bei ya punda na mwenye nyumba ya wageni, dadu imerushwa mara sita tu, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Tatizo moja. Bi Shamim, makasi yako hayo hapa. Toleo la 46, mtu alikata tangazo, na nyuma yake kuna dirisha la vidole vinne katikati ya maelezo ya majengo. Wachezaji wangu wako mtaa wa pili kutoka hapo na nimewaambia kuna moto, barabara imefungwa. Nina siku sita.

Bi_Shamim:

Nilisema mimi. Namba ya ukurasa?

Kipanga_wa_Leicester:

Nimekutumia inbox, dada. Ukipiga picha, tafadhali na ukingo wa kushoto uonekane, kuna neno nusu pale linaninyima usingizi.