Kutazama nyangumi kwa boti: je, Desemba ni wakati wake kwa sisi tunaotoka Moshi?

Mwalimu_Soweto (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Moshi. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa mjini, na ninasimamia klabu ya mazingira ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Wanafunzi hawa wanamfahamu tembo, nyati na twiga, na wengi wao wameshafika Hifadhi ya Arusha au Kilimanjaro kwa ziara za shule, lakini bahari hawajaitia machoni. Mwaka huu wazazi wamekubali kuchangia safari ya pwani, na shauku yetu kubwa ni kupanda boti tuwatazame nyangumi, pomboo, kasa na viumbe wengine wa baharini.

Wakala mmoja wa safari ametueleza kwamba nyangumi huonekana mwaka mzima, na kwamba tukienda Desemba, shule zikishafungwa, tutawaona bila shaka yoyote. Nikilinganisha maelezo hayo na ninayoyafundisha darasani kuhusu uhamaji wa nyangumi, naona hayaafikiani. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: je, Desemba nyangumi wapo? Kama hawapo, tukatazame nini, na wapi? Tena naomba kufahamishwa mambo ya kuuliza kabla ya kulipia boti, kwa sababu nitakuwa na watoto wa watu, na wengi wao hawajui kuogelea.

Muongoza_Njia (Arusha)

Mwalimu, hongera kwa moyo huo. Nimefanya kazi ya kuongoza watalii kwa muda mrefu, na kila mwaka napeleka wageni pwani baada ya mbugani, kwa hiyo nitajibu kwa ninayoyajua.

Desemba si msimu wa nyangumi katika pwani yetu. Wanaopita kwetu kwa wingi ni nyangumi wa nundu, na hao wana majira yao kama walivyo nyumbu wa Serengeti. Kiangazi cha kusini mwa dunia hukaa katika bahari ya baridi ya Antaktiki wakijishibisha kwa uduvi, kisha baridi inapozidi huko hupanda kaskazini kupitia Msumbiji hadi Tanzania na Kenya, ili kupandana na kuzaa katika maji ya joto. Huanza kuonekana Julai, huwa wengi Agosti na Septemba, na wanaochelewa kuondoka, hasa mama wenye ndama wachanga, huonekana Oktoba na pengine mwanzoni mwa Novemba. Ifikapo Desemba wamekwisha kurudi kusini au wako njiani. Kwa hiyo msilipe fedha za wazazi kwa ahadi ya nyangumi mwezi huo.

Huenda wakala wenu alikusudia papa potwe, ambaye wengine humwita papa nyangumi. Huyo ni samaki, anapumua kwa matamvua, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kisiwani Mafia huonekana karibu na ufuo wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, akifuata makundi ya uduvi na dagaa, na hapo Desemba inakubali kabisa. Wengi wa wale wa Mafia ni madume ambayo hayajapevuka, yenye urefu wa mita 6 hivi. Kwa mwalimu wa biolojia hilo ni somo zuri sana, kwa kuwa madoa ya kila mmoja ni tofauti, na watafiti hupiga picha sehemu iliyo nyuma ya matamvua ili kumtambua kila papa kama tunavyotambuana kwa alama za vidole.

Binti_Pangani (Arusha, Sakina)

Mwalimu, shikamoo. Nimezaliwa na kukulia Pangani, sasa naishi Arusha kwa ajili ya kazi. Naafiki aliyoyasema kaka hapo juu, ila naona jambo la upepo limesahaulika, na watu wa bara wengi hulitambua wakiwa tayari wamelevywa na bahari.

Nyangumi huja wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, na kusi ndiyo inayoichafua bahari. Mwezi wa Julai na Agosti unaweza kulipia boti, ukakaa ufukweni siku nzima kwa sababu nahodha mwenye busara amekataa kutoka. Kufikia Septemba upepo huanza kupungua huku nyangumi wakiwa bado wapo, ndiyo maana mtu akiniuliza mimi humwambia aende Septemba, na atoke alfajiri kabla upepo haujanyanyuka. Kama likizo fupi ya Septemba itawatosha, basi hiyo ndiyo safari ya nyangumi. Sehemu zinazojulikana ni nyingi: mkondo wa Pemba mbele ya Tanga na Pangani, Nungwi, Mafia, na kule kusini Mnazi Bay.

Waambie wanafunzi wasitafute mkia, watafute pumzi. Nyangumi akipanda juu hupuliza mvuke unaoruka mita kadhaa, ukasimama kidogo kabla haujachukuliwa na upepo, ilhali povu la wimbi huvunjika na kupotea palepale. Akizama kwa kuinua mkia, huacha juu ya bahari duara la maji laini yasiyo na vikunyanzi. Nahodha anayeijua kazi yake hapo hupunguza mwendo na kusubiri, maana mnyama anaweza kukaa chini dakika 5 hadi 15, na mara nyingi hazuki alipozamia. Mama mwenye ndama hupanda mara nyingi zaidi, kwa sababu ndama hawezi kuzuia pumzi kwa muda mrefu.

Na hapa naomba tuwe wakali. Nyangumi mama anapokuwa kwetu hali chakula au hula kidogo mno. Anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini, na kwa mafuta hayohayo anamnyonyesha ndama aliyezaliwa akiwa na urefu wa mita 4 na zaidi, na ambaye lazima anenepe kabla ya safari ndefu ya kurudi Antaktiki. Boti inayowafukuza inamfanya mama atumie akiba hiyo kukimbia. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kubaki umbali wa mita 100, kusogea kwa ubavu sambamba na mnyama badala ya kumkata mbele au kumfuata nyuma, na kutoingia kamwe kati ya mama na mtoto. Nahodha akiwaambia atawafikisha mpaka mmguse, mkataeni hata kama bei yake ni nafuu.

MamaBaraka_Njiro (Arusha)

Mimi nitasema machache kuhusu pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa sababu najua mtapelekwa huko. Pomboo wapo mwaka mzima, na eneo hilo lipo ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyoanzishwa mwaka 1997. Hadi katikati ya miaka ya 1990 wavuvi wa huko waliwawinda pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, na utalii ndio uliowafanya wawe na thamani wakiwa hai. Hilo ni jema. Lakini nilipokwenda na wanangu, boti nyingi zililizunguka kundi moja, na kila pomboo walipozuka watu walirushwa majini juu yao. Watoto wangu walifurahi, mimi roho iliniuma. Mkienda, muulizeni nahodha kama yuko tayari kuondoka akikuta boti zimeshajazana.

Mwalimu_Soweto (Moshi)

Nawashukuru sana. Marahaba, binti yangu wa Pangani. Nimekutana na wazazi wa kamati, nao wanasema Mafia kwa Desemba hii ni mbali kwa mfuko wetu, kwa kuwa ni lazima kupitia Dar es Salaam, kisha Nyamisati kupanda kivuko au kutafuta ndege ndogo. Je, Pangani inaweza kutufaa kwa sasa, nyangumi tukawapangia Septemba ijayo?

Binti_Pangani (Arusha, Sakina)

Inawafaa, Mwalimu. Mtapanda basi Moshi, mtapita Same, Korogwe na Segera hadi Tanga, kisha Pangani haiko mbali. Kutoka Ushongo mtakwenda Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi ya bahari. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje, leo kimebaki mchanga mtupu ambao maji yakijaa hufunikwa, na kwa sababu hiyo mayai ya kasa wanaotagia pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakaoza kwa maji ya chumvi. Wanafunzi watajifunza mengi juu ya mmomonyoko na uhifadhi kwa kulisikia jambo hilo kutoka kwa watu wanaolifanya. Njiani pomboo huonekana mara kwa mara, na kwenye matumbawe wanaweza kumwona kasa wa kijani.

Kabla ya kulipa, ulizeni kwanza saa za maji, kwa sababu Maziwe hushukika maji yakiwa yamekupwa, na tofauti ya bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo) ni kubwa. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, na kila mtoto aivae yake na kuifunga akiwa bado ufukweni, si baada ya kupanda. Boti iwe na injini ya akiba, na nahodha awe na simu inayoshika mtandao. Wanaolevywa na bahari wakae karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, ambako boti hairuki sana kama ilivyo omo, yaani mbele, wale kidogo asubuhi, na macho wayaelekeze kwenye upeo wa macho badala ya simu zao. Kama nahodha atawaambia siku hiyo bahari imechafuka, msimbembeleze. Ni vyema mkawa na siku moja ya ziada katika ratiba tangu mwanzo.