Toyota IST ya yadi wanasema mil 17.5 ndo mwisho, mimi nina 16, maongezi naanzaje?

Mwalimu wa Moro
Habarini wakuu. Mimi ni mwalimu, niko Morogoro, nimedunduliza karibu miaka minne na nyingine nimekopa saccos, jumla nina mil 16 na vilaki kadhaa pembeni vya bima na mafuta ya kurudia nyumbani. Jumamosi iliyopita nimepanda basi mpaka Dar nikazunguka yadi za magari za Kinondoni na Magomeni, nikaipenda IST moja ya silver, cc 1290, ya mwaka 2005, namba ya usajili ya E, ndani safi, kilometa inasoma 62 elfu. Kijana wa pale kaanza na 18.5, mimi kimya, akashuka 17.8, afu 17.5 akasema hapo ndo mwisho na kuna mteja anakuja jioni na keshi mkononi. Wakuu nilishikwa na presha, nikataka kuacha advansi ya laki tano palepale, wife ndo kanizuia kwenye simu. Huyo kijana kanipa na njia ya pili, nitoe mil 8 kwanza halafu laki tisa kila mwezi kwa miezi 15. Jumamosi hii narudi. Sijawahi kununua gari maishani na pesa hii nikiipoteza sina nyingine, naombeni mnisaidie.

Bandarini Daima
Mwalimu mshukuru sana mkeo. Hiyo habari ya mteja wa jioni nimeambiwa yadi nne nilipokuwa natafuta yangu, na gari nilizikuta zimekaa palepale wiki iliyofuata. Kwanza hiyo njia ya pili achana nayo. Laki tisa mara 15 ni mil 13.5, weka na 8 ya kuanzia unapata 21.5, yani umeongeza mil nne nzima juu ya bei wanayosema ni ya mwisho, na kadi inabaki kwao mpaka umalize, ukichelewa mwezi mmoja wanakuja kuibeba. Wakikuuliza mwalimu kwa mwezi unaweza shilingi ngapi usijibu, zungumza bei nzima tu.

Pili, kabla ya kupanda basi ingia kwenye kikokotoo cha kodi ya magari cha TRA (mamlaka ya mapato), jaza aina ya gari, mwaka, cc na nchi inakotoka, kitakupa kodi yote mpaka shilingi ya mwisho. Humo ndo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kwa kuwa gari imevuka miaka 10 kuna ule wa uchakavu asilimia 30 ambao ndo unaoumiza. Kumbuka TRA wana thamani zao za magari, risiti yako ya Japani haiwashushi. Afu ingia kwenye tovuti za wauzaji wa Japani uangalie IST ya mwaka huohuo mpaka inafika bandari ya Dar ni dola ngapi. Jumlisha, ongeza pesa ya wakala wa kutoa gari na gharama za bandari. Mimi nilipofanya hivyo kwa IST kama hiyo nilipata 13 na kitu. Sasa ukikaa kwenye kiti unajua mwenzio katumia ngapi, unajua faida yake inaanzia wapi, na hata wewe huwezi kumtajia 12 akakuona hujui unachoongea.

Mama Wawili
Kaka mi nilinunua Vitz mwaka juzi nikiwa peke yangu mwanamke, kwa hiyo najua hiyo presha. Kilichonisaidia ni wale vijana wanaoosha magari nje ya yadi, nilimsalimia mmoja vizuri, nikamnunulia soda, nikamuuliza hii nyekundu imekuja lini, akaniambia hiyo dada ipo toka kabla ya Ramadhani. Yani miezi mitano pesa ya mtu imelala juani! Hapo ndo nikajua nina nguvu. Gari ambayo imelala utaiona, mpira wa waipa umepasuka, vumbi limeganda kwenye kona za vioo, betri mpaka waboosti.

Halafu usiingie na bei moja tu kichwani. Kama hawashuki kwenye gari, washushe kwenye vitu. Nani analipia transfa ya kadi, yani kuhamisha umiliki? Nani anaweka tairi? Mimi walikataa kata kata kutoa laki tatu ila wakakubali transfa na betri mpya, ukipiga hesabu ni karibu hela ileile. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe bei uliyolipa kweli, wasikuandikie pungufu.

Fundi Gia Boksi
Mwalimu nisikilize mimi nafungua hizi gari kila siku. Namba E isikupandishe bei, namba inakwambia gari imesajiliwa Bongo lini tu, chuma chenyewe ni cha 2005. Na 62 elfu kwa gari ya miaka hiyo inawezekana ila itafutie ushahidi. Fungua mlango wa dereva angalia ubavuni kwenye fremu, angalia na chini ya boneti, Wajapani wakibadilisha oili wanabandika kistika kidogo na wanaandika kilometa, maandishi hutayasoma ila namba utazisoma. Wauzaji wengi wanasahau kukibandua.

Nenda asubuhi mapema na waambie wasiiwashe kabla hujafika, weka mkono kwenye boneti iwe ya baridi. Washa swichi tu bila kupiga stata, taa ya injini lazima iwake halafu izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa ujue wameitoa, na hiyo usinunue hata wakupe kwa 14. Tairi zina tarakimu nne kwenye kiduara ubavuni, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, hizo zimekufa hata kama kashata (meno ya tairi) bado nzuri. Kila unachokiona andika kwenye karatasi na bei yake ya spea, usigombane, mpe karatasi tu asome. Na tafuta fundi asiyetumwa na yadi wala dalali, mlipe wewe mwenyewe elfu 50, maana dalali anakula cha juu na fundi wake anakula naye.

Bandarini Daima
Naongezea hapo kwa Fundi, ukishataja bei yako nyamaza. Kabisa. Watu wengi wanataja 15.5 afu kimya kikiwazidi wanajipandisha wenyewe.

Mwalimu wa Moro
Nimerudi wakuu na Mungu awabariki. Ile silver sikuichukua. Kistika kilikuwepo, fremu ya mlango kwa chini, kimefifia, nikamulika na tochi ya simu nikasoma 131 elfu na kitu. Nilimwonyesha kijana akasema labda ni cha gari nyingine. Nikamshukuru nikatoka, na mikono ilikuwa inanitetemeka maana ile gari nilishaipenda.

Yadi ya pili yake kulikuwa na ya bluu, ya 2004, 98 elfu na kistika kinakaribiana nayo, imekaa tangu mvua za masika kwa maelezo ya waosha magari. Walianza 17. Nikatoa karatasi, tairi mbili za nyuma za 2016, bushi za mbele, kioo cha taa kimepauka, nikasema 15.3 nikanyamaza kama dakika mbili hivi, yule mzee akawa anachezea funguo tu. Tumekutana 15.7, transfa juu yao, risiti ya EFD ninayo. Bima ndogo (third party) nimelipa mwenyewe 118,000 tukaondoka na fundi mpaka Kibaha akaisikiliza njiani, akashuka.

Sasa hizo tairi mbili za nyuma, kwa wanaojua Moro mjini, napata wapi mpya zisizo za kupakwa rangi? Jumatatu nampeleka mtoto shule nayo.