Mrejesho: Sagana tulienda, na tumerudi wote

Jamani, mwezi jana niliwauliza kama asiyejua kuogelea anaweza kupanda boti la mpira na wenzake kwenye maji ya kasi ya mto Tana, kule Sagana, Kenya. Jumamosi tulienda, sita. Asanteni sana.

Aliyesema "ukianguka lala chali, miguu mbele, usijaribu kusimama", Mungu ambariki. Nilirushwa mapema tu, nikameza maji ya kutosha, ila jaketi la kuelea lilinishikilia juu hadi wenzangu wakanivuta botini kwa kulishika mabegani. Viatu vya mikanda havikutoka. Miwani niliifunga kwa uzi wa kushonea, imebaki mtoni, uzi hautoshi. Yule rafiki mwoga mlisema asilazimishwe, akabaki ukingoni kutupiga picha. Zote ni migongo yetu.